Ukitoka Kuswali Alfajiri, Usirudi Kitandani

Watu huniuliza wakati mzuri wa mazoezi hapa Mombasa, nami jibu langu halibadiliki: baada ya Alfajiri. Kuanzia Januari hadi Machi, ikifika saa mbili asubuhi jua limeshachoma, na kwa unyevu wa hewa yetu jasho halikauki, mwili ukashindwa kujipoza. Jioni nayo ina wageni, ina mapishi, ina msongamano wa feri. Swala haiahirishwi, kwa hiyo mwendo ulioshikana nayo hudumu.

Wenzangu wa Nyali na Bamburi hupenda kutembea ufuoni. Ni vizuri, ila maji kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ufuo uliokuwa mpana Jumatatu alfajiri, wiki ijayo saa hiyohiyo utaukuta umefunikwa. Tafuta na njia ya nchi kavu, usije ukaacha kwa sababu bahari imejaa. Sisi wa kisiwani tuna bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, upepo wa bahari usoni.

Vijana wa kiume sina wasiwasi nao, kila kiwanja jioni kina mpira. Wasiwasi wangu ni kaka zao waliopita thelathini: kazini ni kukaa, njiani ni tuktuk, jioni ni baraza na kahawa chungu. Halafu Jumapili moja wanaingia uwanjani na watoto wa miaka kumi na minane na kurudi wakichechemea. Ndugu zangu, tembeeni kwa kasi siku za kazi ili mpira wa Jumapili ukute miguu iko tayari.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 34 ya wanawake duniani hawafikii kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, wanaume asilimia 29. Mimi siamini ni uvivu. Msichana akishavunja ungo, kiwanja huwa si chake tena, na hakuna anayempa kingine. Ndiyo maana nasema tokeni wawili au watatu, jirani akugongee mlango. Buibui jepesi halizuii kitu. Raba yenye soli nzuri ni lazima, makubadhi yabaki nyumbani.

Lengo kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kasida. Si lazima ziwe mfululizo, kwa hiyo kushuka matatu stegi moja kabla nako kunahesabika.

Dada zangu mnaokaribia hamsini, kutembea peke yake hakutoshi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupungua uzito upesi. Mara mbili kwa wiki pia fanyeni mazoezi ya nguvu: kujisukuma ukutani, kuchuchumaa na kuinuka, kubeba galoni ya lita tano kila mkono.

Wazee wetu tunawaharibu kwa huruma. Mamangu amepita sabini, na kila anayeingia humwambia, "Kaa, bi mkubwa, utaanguka." Kukaa ndiko kunakolegeza miguu ikaanguka! Yeye hushika nondo za dirisha akasimama mguu mmoja, kisha mwingine. Huinuka kitini bila kushika mikono ya kiti. Waliopita 65 wanahitaji mazoezi ya namna hii siku tatu kwa wiki au zaidi.

Mwenye presha au sukari amuone daktari kwanza. Anayetumia insulini asitoke na njaa, na awe na tende mfukoni. Kifua kikibana, simama na utafute msaada.

Ramadhani sisi huhamia baada ya tarawehe, mwendo mfupi, chupa ya maji mkononi.