Kabla ya Kumfundisha, Muulize Amepataje

Mwanangu aliingia Darasa la Tatu hesabu zikipanda vizuri tu. Ilipofika Machi, daftari lake limejaa wino mwekundu. Mimi ni keshia, nashinda nahesabu pesa za watu, nikajiona mwalimu tosha. Kila jioni namkalisha mezani. Namfanyia ya kwanza: "Umeelewa?" "Ndiyo, mama." Nampa ya pili, anakosa. Sauti inapanda. Tukifika ya nne yeye analia, mimi kichwa kinauma, na baba yake kaongeza sauti ya taarifa ya habari ili asitusikie.

Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima. Kuna jioni nimerudi nimechoka hata kufoka siwezi, nikamuuliza tu: "Hii umepataje?" Ilikuwa 503 kutoa 278, naye kaandika 375. Akanieleza taratibu, kidole kikitembea kwenye daftari. "Nane toa tatu, tano. Saba toa sifuri, saba. Tano toa mbili, tatu."

Nikamwambia, mbona tatu ndiyo iko juu? Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyejua. "Kwenye tatu huwezi kutoa nane, mama. Kubwa toa ndogo."

Kumbe mtoto habahatishi! Ana kanuni yake na anaifuata kila mara. Nikafunua kurasa za nyuma: hesabu zote zisizohitaji kukopa kapata, zenye kukopa kakosa, na kila kosa ni lilelile. Mwezi mzima nilikuwa namfokea kwa kosa moja nisilolijua. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiona kosa usikimbilie kufuta. Muulize amepataje, kisha unyamaze asimulie mpaka mwisho. Kunyamaza ndiko kugumu. Na muulize hata pale alipopata, la sivyo swali lako litakuwa dalili ya kwamba kakosea, naye ataanza kufuta kabla hajajibu.

Nikamuuliza, kwani kukopa hamkufundishwa? "Tumefundishwa. Sasa tukishakopa, tunarudisha lini?"

Nilicheka, lakini ana hoja. Kwetu kukopa ni daftari la Mangi pale dukani, na deni hulipwa. Halafu kwenye 503 unamtuma akakope kwa jirani mwenye sifuri. Neno hilo nikaliweka pembeni, tukaanza kusema "kuchenji".

Tukakata boksi la sabuni vipande vipande, tukaandika noti za elfu kumi, noti za elfu moja na sarafu za mia. Ile 503 ikawa noti tano za elfu kumi, elfu moja hakuna, na mia tatu. Mimi muuzaji, namdai elfu kumi mbili, elfu saba na mia nane. Anatafuta mia nane, anazo tatu tu. Anatafuta elfu ya kuchenji, hana. Akakaa kimya, kisha akachukua elfu kumi moja: "Nichenjie hii." Nikampa elfu moja kumi. Moja kati ya hizo akairudisha: "Na hii, nipe mia mia." Mkononi zikabaki elfu kumi nne, elfu tisa na mia kumi na tatu. Akanilipa, akahesabu zilizobaki: mbili, mbili, tano. Akarudi kwenye daftari mwenyewe, akafuta 375, akaandika 225.

Hakuelewa yote siku hiyo. Tulicheza duka kama wiki mbili, dakika ishirini baada ya kula, sio kabla, maana mtoto mwenye njaa hafundishiki. Kisha noti tukaziweka kando, akabaki na kalamu.

Kaka yake wa Darasa la Sita naye nikaanza kumuuliza. Yeye shida yake ilikuwa MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwenye 10 − 3 + 2 anaandika 5, kwa sababu JU imetangulia TO, basi lazima ajumlishe kwanza. Nakiri hata mimi nilimaliza shule nikiamini hivyo. Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unafanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto. Kugawanya na kuzidisha vilevile. Ukiwa na elfu kumi, ukatumia elfu tatu, kisha shangazi akakupa elfu mbili, una ngapi? Tisa, alijibu hata kabla sijamaliza.

Tebo nazo zikaririwe, sina ubishi. Ila akisahau saba mara nane, usimtajie. Muulize saba mara saba ni ngapi, aongeze saba nyingine.

Jambo jingine: kabla hujamwonyesha njia yako, angalia mifano ya mwalimu kwenye daftari. Mimi nilifundisha kugawanya nilivyofundishwa zamani, mtoto akawa na njia mbili zinazogombana kichwani. Nikampigia mwalimu wake, tukaelewana kwa dakika tano.

Wiki iliyopita yule wa Darasa la Tatu kaleta zoezi, kapata sita kati ya kumi. Nne alizokosa zote ni za kugawanya zenye baki. Nimemuuliza amepataje, akaniambia baki huwa anaitupa kwa sababu "haigawanyiki". Boksi la sabuni limerudi mezani.