Jibu kwa mwenye ploti ya Ruai: mashine ya kusukuma na nyasi za kiunoni

Ndugu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema mashine yako ya kukata nyasi ni ya petroli, ya kusukuma kwa mkono, kisu cha inchi 20. Ploti ni 50 kwa 100, masika yameacha nyasi zinafika kiunoni, na kila ukiingia nayo inazima baada ya hatua tatu. Unataka kukata bakuli, kile kifuniko kinachozunguka kisu, kwa mbele, tena fundi amekuahidi kuongeza mwendo wa injini. La kukata bakuli nakubali, ila kwa masharti. La kuongeza mwendo nakuomba uliache kabisa.

Mimi nakata nyasi kwa malipo, huu ni mwaka wa tisa. Siku nyingi niko Lang'ata na Karen, kwenye nyasi zinazokatwa kila wiki mbili. Lakini kila Juni napigiwa simu na watu wenye ploti zisizojengwa Ruai na Utawala, na hizo ndizo zilizonifundisha haya.

Watu wengi wakiona mashine inazima wanasema injini haina nguvu. Mara nyingi shida ni milango. Ukingo wa mbele wa bakuli umeshushwa chini kwa sababu mashine hii ilitengenezewa nyasi fupi. Nyasi ndefu zikikutana na ule ukingo zinalala. Kisu kinapita juu yake, wewe unasonga mbele, ukigeuka nyuma unazikuta zimesimama tena. Zile chache zinazofaulu kuingia zinaingia na urefu wake wote na kujisokota kwenye shafti. Zilizokatwa nazo hazina pa kutokea, zinazunguka humo ndani hadi kisu kinasaga uji. Injini yoyote ingezima hapo.

Ongeza na kimo chetu. Nairobi mjini tuko kama mita 1,795 juu ya bahari, Ruai chini kidogo. Injini ndogo kama hizi hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300, kwa hiyo karibu moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko haiko. Tena hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyopimwa kwa nchi za usawa wa bahari humwaga petroli kupita kiasi. Toa plagi uitazame. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu na kichujio cha hewa ni kisafi, mwambie fundi akutafutie jeti kuu (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ndogo kidogo. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ndiyo njia halali ya kurudisha sehemu ya nguvu unayoitafuta.

Anza na mlango wa kutokea kabla hujagusa grainda. Toa mfuko wa nyuma. Kama kuna kizibo kinachofanya nyasi zisagwe ndani, kitoe, nyasi zitoke kwa ubavu. Kile kifuniko cha ubavuni chenye springi kiache, kishuke chenyewe kama kilivyotengenezwa, maana ndicho kinachogeuza mawe yaelekee chini badala ya kuelekea miguu ya watu. Mimi nilifanya hili peke yake mara ya kwanza, na mashine iliyokuwa ikizima kwenye nyasi za goti ikaacha kuzima.

Sasa magurudumu. Yale madogo ya plastiki ya mbele yanazama kwenye nyasi nene kama mtu anayetembea kwenye godoro, halafu pua ya mashine inashuka nayo. Nilitafuta Gikomba magurudumu manne ya toroli, ya mpira, yenye beringi ndani, inchi 8 mbele na inchi 10 nyuma. Nilitoboa matundu mapya kwenye vibao vya ekseli ili pua ibaki juu, kisu kikate kama sentimita 10 kutoka ardhini. Usijali kwamba ni juu sana. Kwenye nyasi za kiunoni, raundi ya kwanza haitafuti urembo.

Kuna wanaopata kimo hicho kwa kukandamiza mkono wa mashine, pua inainuka, kisha wanaishusha juu ya nyasi kama mtu anayefunika chungu. Inakata, sikatai. Lakini kila ukiinua, kisu kiko wazi mbele yako. Nimeacha.

Tuje kwenye bakuli. Kama ni la alumini ya kumiminwa au plastiki, usilikate. Alumini ya namna hiyo hupasuka kuanzia kwenye kona ya tundu. La bati la chuma ndilo linalokubali. Kabla ya chochote toa waya wa plagi, mwaga petroli, fungua injini yote uiweke pembeni. Kwa kawaida inashikwa na boliti tatu tu. Usimruhusu mtu achomelee bakuli huku injini ikiwa juu yake. Tangi la petroli liko pale pale, na umeme wa kuchomelea ukipitia kwenye shafti unaharibu beringi na koili.

Langu nilikata dirisha la upana wa sentimita 35, katikati ya ukingo wa mbele, na kona nikazizungusha kwa tupa. Ukikata kona kali ya mraba, mtetemo utaanzishia ufa hapo hapo. Kwa kuwa ukingo ule ndio uliokuwa unafanya bakuli liwe gumu, nilichomelea nondo ya milimita 8 kwenye ukingo wa juu wa dirisha, ikapita dirisha kwa sentimita 5 kila upande. Kisha cheni. Vipande vya cheni vikaning'inizwa kwenye ile nondo kimoja kando ya kingine, vinagusana, vinashuka hadi karibu na ardhi. Nyasi zinasukuma cheni na kuingia zikiwa zimesimama. Jiwe likitaka kutoka linakutana na chuma. Mashine kubwa za kufyeka zinazovutwa na trekta hutumia pazia la cheni kama hilo, na sababu ni hiyo hiyo. Urefu wa cheni upime injini ikiwa imezimwa, ukizungusha kisu kwa mkono, cheni zikisukumwa ndani kadiri zinavyoweza kwenda. Yoyote inayofikia kisu, ipunguze au isogeze mbele.

Pazia hilo hupunguza hatari, haliimalizi. Mashine iliyokatwa hivi siitumii penye watoto, wala kando ya barabara yenye wapita njia, wala Lang'ata penye magari yameegeshwa. Iko kwa ajili ya ploti tupu. Na kama ploti yako ni hiyo moja, mara mbili kwa mwaka, ushauri wangu wa kweli ni usikate kitu. Lipa vijana wawili wenye slasha washushe nyasi hadi goti, uzikusanye, kisha uingie na mashine ikiwa na marekebisho ya magurudumu na mlango wa ubavuni tu.

Kisu ndicho kilichonipa funzo kubwa kuliko yote. Mwaka wa tatu nilimwendea fundi mmoja wa jua kali anitengenezee kisu kizito kutoka kwenye springi ya gari. Nilifikiri, ikiwa panga na majembe hutoka kwenye chuma hicho hicho na yanadumu, kisu kitashindwa na nini? Kilikuwa kizuri kwa macho. Siku ya kwanza kilikata nyasi za Utawala kama maji. Siku ya pili nilianza kuhisi mkono wa mashine unatetemeka tofauti, ganzi ikapanda hadi kiwikoni. Nikazima, nikatoa waya wa plagi, nikalaza mashine kichujio cha hewa kikiwa juu ili oili isiingie humo. Nilipofuta kisu kwa kitambaa niliona mstari mweusi kutoka kwenye tundu la boliti, mwembamba kama unywele, umefika karibu nusu ya upana wa chuma. Niliupitisha ukucha, ukucha ukakwama. Nilikaa chini kwenye nyasi. Mwenye ploti alikuwa amesimama mita nne kutoka hapo, pamoja na binti yake.

Chuma cha springi ni kigumu kwa sababu kimepashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha tena ili utoboe na kukunja, halafu ukakipoza ovyo kwenye ndoo ya maji, kinakuwa kama kioo. Kinaweza kukata wiki nzima na kuvunjika dakika moja. Nunua kisu kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mashine yako. Kirinyaga Road utapata maduka ya vipuri, lakini nenda na kisu cha zamani mkononi, mlinganishe urefu, unene na tundu la katikati. Chagua chenye mabawa ya nyuma yaliyoinuka kiasi. Mabawa marefu sana yanavuta upepo mwingi, na upepo huo unalipwa na injini ambayo tayari imepungukiwa. Noa kwa digrii kama 30, kisha kining'inize katikati kwenye msumari ukutani. Upande unaoshuka, punguza kidogo nyuma ya makali hadi kitulie sawa.

Kuhusu mwendo wa injini, fanya hesabu hii. Kisu cha inchi 20 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 287 kwa saa. Kikifika 3,600 ni karibu mita 96 kwa sekunde. Viwango vya usalama vya Marekani kwa mashine hizi vinaishia futi 19,000 kwa dakika, ambazo ni hizo hizo mita 96 na nukta. Fundi akivuta springi ya gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, ili ipite hapo, anachezea kikomo ambacho chuma cha kisu kilipimiwa. Gavana yenyewe ndiyo inayofungua kabureta zaidi nyasi zinapokuwa nzito. Ukiichokoza, unaweza kupoteza msaada huo pia.

Kitu kingine cha Ruai ni bikoni, zile alama za mpaka. Kila kona ya ploti ina chuma ndani ya saruji, na nyasi zimekifunika. Nimegonga moja. Mashine ilikata roho papo hapo, na nilipovuta kamba ikanirudisha mkono kwa nguvu. Ndani, kwenye flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya shafti), kuna kii, kipande kidogo cha alumini kinachoishikanisha na shafti. Ni laini kwa makusudi, ikatike yenyewe kabla shafti haijapinda. Yangu ilikuwa imesogea nusu, kwa hiyo plagi ilikuwa inawaka wakati usiofaa. Kii mpya ni bei ya soda. Ila ukigundua fundi amekuwekea ya chuma ili “isikatike tena,” itoe siku hiyo hiyo, kwa sababu mzigo wa gharama umehamia kwenye shafti. Kabla ya kuwasha, tembea ploti nzima na fimbo. Tafuta bikoni zote, uzisimikie miti yenye kitambaa. Toa mawe ya msingi, waya, vipande vya mabati. Nyoka na kupe nao wapo, vaa gamubuti, na miwani hata kama unaona haya.

Lile wenzo la mkononi linalozima injini ukiliachia, usilifunge kwa mpira wa tyubu. Naliona limefungwa kila mahali hapa Nairobi. Marekani tangu 1982 mashine za kusukuma lazima kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachiwa, na sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya vidole.

Kazi yenyewe ifanye kuanzia saa sita mchana. Juni na Julai umande na manyunyu hukaa hadi adhuhuri, na nyasi mbichi zikichanganyika na udongo mweusi wa kule zinaganda ndani ya bakuli kama chapati kwenye kikaango. Beba kijiti cha mbao cha kukwangulia, na kabla ya kukwangua toa waya wa plagi. Tumia nusu ya upana wa kisu, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni mzee, nyasi zitokee upande ambao tayari umekata. Ukisikia sauti inashuka, simama, iache ipande, ndipo usonge. Acha zikauke siku mbili, zikusanye kwa reki, ndipo ushushe kisu kwa raundi ya pili. Kila tangi moja fungua kichujio cha hewa ukikung'ute, na utoe vumbi la nyasi kwenye mapezi ya injini, kwa sababu injini hizi hupozwa na upepo unaopita hapo.

Umetaja pia matete ya nepia kwenye ua wa nyuma. Hayo usiyapeleke kwa mashine, hata iliyokatwa dirisha. Panga, chini kabisa, kisha umpe jirani mwenye ng'ombe.

Na kabla fundi hajawasha grainda, geuza mashine yako, piga picha ya ndani ya bakuli, uiweke hapa. Kuna zenye ukuta wa pili wa bati nyuma ya ukingo wa mbele, na hizo haziwezi kukatwa kama yangu. Nikiiona nitakuambia pa kupitisha mstari.