Usitie Sahihi Kabla ya Kusoma Kichwa cha Karatasi

Jina langu limo kwenye ripoti moja ya tathmini ya athari kwa mazingira, miongoni mwa wakazi "walioshirikishwa na hawana pingamizi". Siku hiyo, Jumanne saa nne asubuhi, nilifika kwa chifu mkutano ukielekea kuisha, nikapewa karatasi ya mahudhurio na soda, nikatia sahihi, nikarudi kazini. Fleti zikajengwa kando ya mto hapa kwetu Waithaka, Nairobi, pale palipokuwa na shamba la nduma. Mvua za Aprili 2024 zilipokuja, maji yaliyozoea kutawanyika kwenye nduma yalikosa pa kwenda, yakaingia jikoni kwa shosho, yule bibi jirani yetu. Alama ya tope bado ipo ukutani, juu ya meko.

Kwa hivyo mradi wa pili ulipotangazwa, nilianza na karatasi. Soma kichwa chake. Kama hakuna neno mahudhurio, usitie sahihi. Kama lipo, andika kando ya jina lako: "Nitaleta maoni yangu kwa maandishi." Hakuna wa kukukataza.

Kisha omba ripoti yenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupata habari. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza mahali palivyo sasa, maana hapo ndipo mambo hupotelea. Yetu ilisema kuna "miti ya kawaida" na hakuna eneo la kitamaduni. Ilhali kwenye pembe ya ploti umesimama mugumo, mti mtakatifu ambao wazee wa Kikuyu walikuwa wakiomba chini yake, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Aliyeandika ripoti hakumuuliza mzee hata mmoja. Tulimleta guka mmoja, babu wa mtaa, akasimama pale pale alipokuwa akisimamishwa na babake, akatueleza mbuzi alichinjiwa upande gani na nani hakuruhusiwa kusogea. Tuliandika maneno yake kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, akaweka kidole gumba. Kumbukumbu ya mzee isipoandikwa, ripoti itaendelea kusema hapana kitu.

Kuhusu mto, kanuni zinataka hifadhi ya mita 6 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka pale mafuriko makubwa zaidi yalipowahi kufika. Ripoti ilipima kutoka ukingo wa Februari, mto ukiwa kijito. Tulipiga picha ya ile alama jikoni kwa shosho, tepu ikiwa imenyooshwa kando yake, na nyingine kutoka mlangoni hadi mtoni. Picha hizo mbili zilifanya kazi kuliko kurasa zote nilizoandika kwa hasira.

Barua ya maoni piga nakala mbili. Tulizipeleka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira inayotoa leseni, Popo Road, South C, moja ikabaki huko, nyingine tukarudi nayo ikiwa na muhuri wa tarehe. Usikubali kuondoka bila muhuri. Tangazo la mradi hutaja siku ya mwisho ya maoni. Ihesabu mapema, maana barua iliyochelewa haina mtetezi.

Na leseni ikitolewa usikate tamaa. Una siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Jopo hilo ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, Juni 2019, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walitufungulia njia, nami nawashukuru kwa dhati.

Leseni ya mradi wetu ilitoka na masharti: mugumo usiguswe, na ukuta urudi nyuma kutoka mtoni. Ujenzi umeanza. Kila Jumamosi asubuhi mimi na kijana wa shosho tunashuka na tepu, tunapima kutoka kwenye kigingi hadi kwenye msingi, tunaandika tarehe na mita kwenye daftari, naye anatia sahihi.