Pikipiki ya kuungaunga nyumbani: kazi iko kwenye bushi, rangi baadaye

Anayeunda pikipiki kwa vipuri vya mtumba huanza kuota tenki, siti na rangi. Kitakachoamua kama chombo kitaendeka ni vipande vya bomba la chuma vyenye urefu wa kidole, yaani bushi, vinavyokaa kati ya beringi za gurudumu na swingamu (mkono wa fremu unaobeba gurudumu la nyuma). Fremu ya huku, shokapu za kule na rimu ya pikipiki ya tatu vinaweza kuishi pamoja bila ugomvi, ila lazima mtu avikutanishe kwa milimita. Basi kabla ya grenda, tafuta vernia, kifaa cha kupimia milimita.

Fremu na injini vinunue vikiwa bado vimefungwa pamoja ukiweza. Hapo mtengenezaji ameshakumalizia kazi tatu: vishikio vya injini, mstari wa cheni na nafasi ya kabureta. Linganisha namba ya fremu na ya injini na kadi ya usajili kabla ya kutoa pesa. Namba iliyosuguliwa au kugongwa upya, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Fremu isiyo na karatasi ni chuma chakavu, hata uipake rangi gani.

Injini inayouzwa ikiwa nje ya fremu, ipime komprisheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Chomeka geji kwenye tundu la plagi, fungua aksileta mpaka mwisho, piga kiki hadi sindano iache kupanda. Injini nyingi za mipigo minne zenye afya husoma kati ya bar 10 na 12. Ikisoma chini ya 7, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda upime tena: ikipanda sana, ringi za pistoni zimekwisha; ikibaki palepale, tazama vali au gasketi. Injini zenye kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha husoma chini kuliko hali yake halisi, kwa hiyo hizo usizihukumu kwa geji peke yake. Kagua pia meno ya shafti inayobeba spoketi ya mbele. Yakiwa yamelika na kuchongoka, gharama ya kuyatengeneza hufikia ya injini nyingine. Na kwa mradi wa kwanza chukua injini ya kabureta. Ya mfumo wa sindano, unaopuliza petroli kwa umeme, inataka pampu, sensa na kompyuta yake, na kimoja kikikosekana hata kuwaka haiwaki.

Ukilazimika kuhamishia injini kwenye fremu ngeni, usikate bamba la chuma la vishikio siku ya kwanza. Kata kadibodi, kisha plaiwudi, na kikikaa sawa ndipo uhamishie kwenye bamba la milimita 6. Injini ikae pale spoketi yake inapolingana na ya nyuma, hata kama kwa macho inaonekana imesogea upande mmoja wa fremu. Wengi huipanga katikati ili ipendeze, halafu cheni inawakatalia.

Shokapu za mbele zinataka subira. Beringi za shingo huwa na mabwana wawili: kipenyo cha nje kinaamuliwa na fremu, cha ndani kinaamuliwa na mhimili wa usukani uliokuja na shokapu. Pima vyote, juu na chini, maana mara nyingi havilingani, kisha tafuta beringi za koni zenye vipimo hivyo. Zisipopatikana, peleka bamba mbili zinazoshika shokapu kwa mwenye presi (mashine ya kushindilia), mhimili wa asili wa fremu yako uhamishiwe humo, na bushi ikerezwe ikihitajika. Kulazimisha kwa nyundo na kipande cha bati hufanya kazi mpaka siku ya shimo kubwa barabarani.

Kukaa tu hakutoshi. Tazama mahali mstari wa shingo ungegusa ardhi kama ungeendelea kushuka. Gurudumu lenyewe linagusa ardhi nyuma kidogo ya hapo, na umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaofanya usukani ujinyooshe wenyewe. Kwa pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 85 hadi 110. Kwa mfano, shingo iliyolala nyuzi 26, gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 300, na shokapu zilizotangulia mbele ya mhimili kwa milimita 50, hutoa karibu milimita 91. Weka bamba zinazotanguliza shokapu milimita 30 tu, bila kugusa kitu kingine, umbali unafika 113 na usukani unakuwa mzito kwenye kona. Ukipita upande wa pili, umbali ukapungua mno, usukani huanza kutetemeka kwenye mwendo. Kuupima umbali huo gereji ni rahisi: simamisha pikipiki wima, lenga fito iliyonyooka sambamba na shingo mpaka sakafuni, teremsha uzi wenye uzito kutoka katikati ya ekseli, pima kati ya alama mbili. Kumbuka pia kwamba kushusha mbele kwa milimita 25, kwenye pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana milimita 1,300, kunasimamisha shingo kwa nyuzi 1 hivi. Ukimaliza, pindua usukani mwisho kulia na mwisho kushoto: shokapu zisiguse tenki, na waya wa aksileta usivutike. Vizuizi vya usukani visipokutana, chomelea vingine kabla ya kusogea hatua moja.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo milimita zinapoua. Chukua habu (kitovu cha gurudumu) iliyotengenezewa ekseli ya milimita 15 na beringi za 6302. Beringi hiyo ina tundu la 15, kipenyo cha nje 42 na unene 13. Swingamu yako ina ekseli ya milimita 20. Beringi ya 6004 ina tundu la 20 na kipenyo kilekile cha nje, 42, kwa hiyo inaingia kwenye habu kama iliyozaliwa humo. Lakini unene wake ni 12. Bushi za nje zitahitaji kuongezwa milimita 1 kila upande, la sivyo ekseli ikikazwa gurudumu linacheza au swingamu inabanwa na kupinda. 6004 hubeba pia mzigo mdogo kidogo kuliko 6302. Kwa gurudumu la mbele la pikipiki nyepesi sawa, kwa nyuma ya mashine nzito fikiria mara mbili.

Halafu kuna bushi ndefu ya ndani, inayokaa katikati ya beringi mbili ndani ya habu. Hiyo husahaulika, au huachwa ileile ya zamani yenye tundu dogo, au hukatwa kwa macho. Kazi yake ni kupitisha nguvu ya nati kutoka uso wa ndani wa beringi moja hadi ya pili. Ikiwa fupi, ukikaza ekseli unasukuma nyuso za ndani zikaribiane wakati za nje zimezuiwa na habu. Golori zinabanwa kwa ubavu na beringi mpya hulia baada ya safari chache. Urefu wake ni umbali kati ya mabega mawili ya ndani ya habu, na uongeze kama milimita 0.1. Gonga beringi ya kwanza mpaka igote begani, ingiza bushi, kisha gonga ya pili mpaka iguse bushi, na ishie hapo. Gonga kwenye ringi ya nje tu, kwa soketi yenye kipenyo hichohicho. Baada ya kukaza ekseli, zungusha gurudumu kwa kidole. Likikazika kadiri nati inavyokazika, bushi yako ni fupi. Usijidanganye kwamba litalainika.

Gurudumu likiwa mahali pake, funga nyuzi mbili kutoka nyuma ya tairi la nyuma, uzilete mbele pande zote mbili kwa urefu wa ekseli. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Isipokuwa sawa, rekebisha kwa bushi. Usilivute gurudumu kwa virekebishi vya cheni. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 2, rudi kwenye spoku. Na hamu ya tairi pana nyuma ina mipaka: tairi pana kwenye rimu nyembamba hujikunja na kubaki na mgongo mkali, na ubavu wake hula cheni.

Cheni na spoketi ziwe za namba moja. 428 ina hatua (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 12.7, ilhali 520 na 530 zote zina 15.875 na zinatofautiana upana wa ndani: 6.35 kwa 9.53. Ndiyo maana cheni ya 530 hukubali kuvaa spoketi ya 520 na kukudanganya. Itatembea ikicheza pembeni na kumaliza meno. Laza fito iliyonyooka kwenye uso wa spoketi ya nyuma mpaka mbele. Tofauti ikizidi milimita 1 au 2, kereza bushi au sogeza spoketi. Ulegevu wa cheni, milimita 25 hadi 30 katikati ya upande wa chini, upime mtu akiwa ameketi na gurudumu likiwa limezungushwa hadi pale cheni inapokaza zaidi.

Breki: masta silinda (pampu ya mkononi) na kalipa (inayobana diski) zitoke pikipiki moja. Wanaobadilisha moja huishia na mkono wa breki mgumu kama jiwe bila kusimama. Masta ya milimita 12.7 ikibadilishwa kwa ya 15.9, eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu asilimia 57, na mkono wako utadaiwa nguvu hiyohiyo ya ziada. Kipimo mara nyingi kimeandikwa kwenye bodi yake. Bolti yenye tundu inayofunga mpira wa breki kwa pikipiki nyingi za Japani ni M10×1.25 (kipenyo milimita 10, thredi zikiachana 1.25), na nyingi za Ulaya ni M10×1.0. Ukizichanganya, huanza kuingia vizuri halafu huharibu thredi. Washa za shaba ziwe mpya kila unapofungua. Mafuta ya DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye na DOT 3, 4 au 5.1.

Breki ya drami nyuma ina mkono wa chuma unaozuia sahani yake isizunguke. Habu ngeni huja bila huo mkono, au na tundu lisilolingana na swingamu. Ukiuacha, siku ya kwanza utakapokanyaga breki sahani itazunguka pamoja na gurudumu, ing'oe fito ya breki na kulifunga gurudumu. Tengeneza mkono wa chuma imara, bolti ya daraja 8.8, na pini ya kupasua kwenye nati.

Neno hilohilo la thredi linahusu bolti zote. Bolti za M10 kwenye pikipiki za Japani kwa kawaida ni 1.25, na za duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Zinaingia mizunguko miwili kisha zinakaza. Anayeongeza nguvu hapo amekwisha kuharibu injini. M8 haina shida hiyo sana, kwa kawaida huwa 1.25.

Kuchomelea mwenyewe ni sawa kwa kishikio cha taa au cha siti. Shingo ya fremu na pale swingamu inapofungwa, mpe fundi mwenye jigi (kiunzi cha kushikilia fremu isipinde), kwa sababu joto huvuta bomba na fremu hupinda bila kuonekana. Ukiongeza kipande cha bomba nyuma, weka bomba dogo ndani ya maungio, toboa matundu mawili pembeni uyajaze kwa weldi. Kabla ya kuchomelea, betri na CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi) vitoke kwanza.

Upande wa umeme, sumaku, koili zake, CDI na koili ya plagi vichukue kama seti moja. CDI ziko za aina mbili: inayolishwa na betri kwa volti 12, na inayolishwa moja kwa moja na koili maalumu ya sumaku kwa volti za juu sana. Kuzibadilishana ni kuichoma. Pima kwa mita: koili ya kulisha CDI husoma ohm mia kadhaa, za kuchaji husoma chini ya ohm 2. Rektifaya, inayodhibiti chaji ya betri, nayo ilingane na idadi ya nyaya za kuchaji. Kwa mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika betri isome volti 13.8 hadi 14.5, ikipita 15, kagua arthi kabla ya kununua rektifaya nyingine. Fyuzi kuu ya ampea 15 au 20 ikae karibu kabisa na betri, na kwangua rangi pale waya wa arthi unapogusa chuma.

Unganisha pikipiki yote ikiwa chuma kitupu, iwashe, iendeshe kwa kilomita chache, ndipo uivue na kuipaka rangi. Rangi ya unga hujaza viti vya beringi na thredi, kwa hiyo vizibe kabla. Chujio la hewa la wazi hufanya mchanganyiko uwe na petroli haba, na jeti kuu ya kabureta (tundu linalopitisha petroli) itahitaji kupandishwa namba. Plagi nyeupe kama chaki ndiyo dalili. Injini ikizima baada ya kilomita kadhaa na kuwaka tena ukifungua kifuniko cha tenki, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Baada ya kilomita 50 pitia bolti zote kwa spana, hasa vishikio vya injini, nati za ekseli na spoku, na upime cheni upya. Rudia kwenye 200. Pale utakapokuta nati ileile imelegea mara zote mbili, vua bolti uitazame: kwa kawaida imekaa juu ya rangi, au washa yake imezama kwenye tundu lililotobolewa kubwa mno.