Mfupa wa Sainasi Umekuwa Mnene? Usikimbilie Kisu
Msomaji ametutumia ripoti ya CT (picha ya eksirei ya vipande vipande) yenye mstari uliomkosesha usingizi: kuta za sainasi, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa, ya shavu la kushoto zimekuwa nene. Anauliza kama mfupa huo ukwanguliwe. La, usikwanguliwe kwa sababu ya unene peke yake.

Kwa kawaida kuta hizi ni nyembamba, nyingine kama ganda la yai. Utando wa ndani ukiwa na mchochota kwa muda mrefu (ugonjwa huitwa sugu ukipita wiki 12), athari yake hufika mfupani na mfupa mpya hujengwa juu ya wa zamani. Hiyo ndiyo osteitisi. Kuta hizo kwa sehemu kubwa hazina uboho, na bakteria ni nadra kuonekana ndani ya mfupa wenyewe. Ndiyo maana kumeza antibiotiki miezi nenda rudi eti "kusafisha mfupa" ni kujichosha. Mfupa wa paji la uso ni habari nyingine, kwani una uboho: paji likivimba na kubonyea, pamoja na homa na kichwa kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuogopa, uliza picha ilisomwa kwa mpangilio gani. Mpangilio wa nyama laini huufanya mfupa uonekane mnene kuliko ulivyo, kwa hiyo taka ule wa mfupa. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, kila sainasi kati ya 10 hupewa alama 0 hadi 5, kwa kuangalia kama unene ni chini ya milimita 3, kati ya 3 na 5, au zaidi ya 5, na kama umeshika zaidi ya nusu ya kuta. Jumla haivuki 50.

Mfupa ulioliwa au kusukumwa nje usichanganywe na ulionenepa. Huo haungoji: mukoseli (uvimbe uliojaa kamasi), fangasi na saratani vyote hufanya hivyo.

Kinachotibiwa ni utando, kwa kuosha pua na dawa ya kupuliza. Chemsha maji, yatokote dakika 1 (dakika 3 ukiishi juu ya mita 2,000), yapoe. Kwenye mililita 240 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto na chembe ya magadi ya kuokea (baking soda). Inamia sinki, osha kila tundu la pua kwa chupa ya kuoshea. Maji matupu huwasha pua, na chupa isiyokaushwa huota uchafu. Kisha dawa ya kupuliza ya steroidi: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mdomo wa chupa uelekee kona ya nje ya jicho. Wengi hupulizia ukuta wa kati, pua ikatoka damu, wakaiacha dawa. Ipe wiki 8 hadi 12 ndipo uihukumu. Dalili zikiisha mfupa unaweza kubaki mnene vilevile, basi usirudie CT kwa ajili yake.

Upasuaji ukihitajika, muulize daktari atauhifadhije utando. Mfupa ulioachwa uchi hukomaa na kuota kovu, na njia iliyofunguliwa ikajifunga tena. Wagonjwa waliopasuliwa mara kadhaa ndio wenye mifupa minene zaidi, ingawa ugonjwa wao pia huwa mkali tangu mwanzo. Beba CT zote za zamani, hata iliyochakaa.

Sasa lile shavu la kushoto. Upande mmoja peke yake haupaswi kupita bila maswali. Madoa meupe katikati ya sainasi huashiria bonge la fangasi. Mfupa uliofura mahali pamoja tu huweza kuwa shina la papiloma (uvimbe unaoota kwenye utando), na hapo kipande kipelekwe maabara. Lakini kwanza, msomaji wetu, nenda kwa daktari wa meno akupige picha ya mizizi ya magego ya juu upande huo, kwani ugonjwa wa jino huweza kupanda hadi sainasi ya shavu, hata kama hakuna jino linalouma.