Gari Haliwaki? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari langu haliwaki, shida nini?

Sijui. Na fundi anayejua kwa maelezo hayo, mshike mkono asiguse pochi yako. Ukigeuza ufunguo unasikia nini: stata (mota ya kuwashia injini) inazunguka, inagonga, au kimya? Maswali ya namna hii sitayajibu tena.

Toyota IST yangu asubuhi inagonga tak-tak-tak na taa za dashibodi zinafifia. Fundi anataka ninunue betri, na niliyonayo haijamaliza mwaka.

Umeme ni mdogo, hapo fundi hajakosea. Lakini amepima? Tikisa vichwa vya betri. Vikicheza au vikiwa na unga mweupe, visafishe kwa maji ya moto, uvikaze, ujaribu tena. Kisha tafuta mita ya kupimia volti. Kariakoo zimejaa na bei yake haifiki hata robo ya betri. Gari likiwa limelala, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, chini ya 12 haina chaji. Libusti kwa waya kutoka betri ya gari jingine, liwashe, upime tena likiwa linaunguruma. Ukipata 13.5 hadi 14.5, alternata, yaani jenereta ya gari, inachaji. Ukipata 12 na kitu, hata betri mpya itakufa vilevile, na utarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa. Kama alternata ni nzima, nitauliza nani alikufungia ile alamu na taa za urembo, maana hivyo hunyonya umeme usiku kucha.

Otomatiki yangu, gia nikiweka P kimya, nikiweka N linawaka.

Swichi ya gia, ile inayoruhusu stata gia ikiwa P au N. Usikubali stata ifunguliwe.

Stata inazungusha vizuri ila injini haishiki.

Weka ufunguo ON bila kupiga stata, usikilize upande wa siti ya nyuma. Kwenye magari mengi pampu ya mafuta huvuma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, anza na fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya pampu) kabla ya kununua pampu. Geji ya mafuta inasomaje? Nyie mnaotembea na taa ya mafuta imewaka mwezi mzima mnaziua pampu wenyewe, kwa sababu petroli ndiyo inayozipoza.

Betri imepungua maji, niongeze asidi?

Hapana! Kinachopotea ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi, na usome chupa, maana wauzaji wengine huziweka zote rafu moja.

Tulisukume?

Otomatiki haisukumwi ikawaka. Ya manyuali, gia ya pili.