Ultrasaundi imeonyesha kitu kwa mtoto tumboni, na moyo wangu hautulii

SWALI:

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Nina mimba ya wiki 20. Nilikwenda kupima ultrasaundi nikiwa na furaha tu ya kumwona mtoto. Mpimaji alikuwa akizungumza nami vizuri, mara akanyamaza, akawa anarudia rudia sehemu moja ya kichwa, kisha akatoka kumwita daktari. Daktari akasema kuna vifuko viwili vidogo vya maji kwenye ubongo wa mtoto, viungo vingine vyote viko sawa, nirudi baada ya wiki nane. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Lakini tangu siku hiyo silali. Usiku wa manane nasoma kwenye simu mpaka macho yananiuma. Mume wangu akinisikia ananiambia "mtegemee Allah" na mazungumzo yanaishia hapo. Anaona kurudi kupimwa ni kumtilia shaka Mungu. Mama mkwe anasema huenda ni adhabu, kwa sababu nilipojua nina mimba hii nililia, sikuwa tayari. Je, wasiwasi wangu ni udhaifu wa imani? Vipimo vinapingana na tawakkul? Ni kweli nimemponza mwanangu? Na dua itasaidia nini ikiwa mtoto ameshaumbwa?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake.

Naanza na hilo la kumponza mtoto, maana naona ndilo linalokuchoma kuliko yote. Hapana, hukumponza. Bibi Maryam, ambaye Allah alimteua juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alisema: "Laiti ningelikufa kabla ya haya, nikawa niliyesahaulika kabisa" (Maryam 19:23). Maneno hayo Bibi Maryam aliyatamka wakati Nabii Isa akiwa bado tumboni mwake. Sasa tazama alijibiwaje. Hakukaripiwa, wala mtoto hakupatwa na lolote kwa sababu ya kauli ya mama yake. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Wewe uliyelia kwa sababu mimba imekukuta hujajiandaa, umefanya nini cha kuzidi hapo?

Kisha mtoto hana dhambi ya kulipishwa, wala halipishwi ya mzazi wake. "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwingine" (Al-An'am 6:164). Mama mkwe mheshimu na umwombee, lakini neno hilo usilipokee. Anayesema kwamba jambo fulani ni adhabu ya Allah kwa mtu fulani anadai kuijua siri ambayo hakupewa. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na Sa'd bin Abi Waqqas ni watu gani wanaopata mitihani mizito zaidi, alijibu: "Manabii, kisha wanaowafuatia kwa ubora" (Tirmidhi). Kama kila mtihani ungekuwa adhabu, hadithi hiyo isingekuwa na maana.

Pili, wanavyuoni wanasema kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu, basi tulifahamu kwanza hilo lililoonekana. Mimi si daktari, na maelezo ya daktari wako aliyekupima ndiyo ya kushika. Lakini ulichokieleza kinajulikana vizuri kwa madaktari wa akina mama. Ndani ya ubongo kuna tishu inayotengeneza yale maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtoto akiwa katika wiki za katikati, maji kidogo huweza kunasa ndani ya tishu hiyo, yakaonekana kwenye skrini kama kiduara cheusi. Jambo hili huonekana katika takriban mimba 1 kwa kila 100. Vifuko hivyo haviko kwenye sehemu ya ubongo inayofikiri, na vingi hutoweka vyenyewe, mara nyingi kufikia wiki ya 28. Ndiyo sababu umeambiwa wiki nane na hukuambiwa kesho.

Kwa nini basi mpimaji alinyamaza na kumwita daktari? Kwa sababu kwa watoto wachache vifuko hivi huandamana na kasoro ya kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba maumbile ya urithi), hasa kromosomu namba 18, na mtoto wa namna hiyo kwa kawaida huwa na dalili nyingine pia: moyo, mikono, ukuaji. Kwa hiyo alikuwa anaangalia moyo, anaangalia vidole vya mkono, anapima urefu wa mfupa. Mpimaji akinyamaza, mara nyingi yuko kazini tu. Wengi huwa hawaruhusiwi hata kutoa tafsiri kabla daktari hajaona. Na daktari alipoona kila kingine kiko sawa alikwambia. Wewe ulisikia nusu ya kwanza ya maneno yake, hii nusu ya pili ikapita.

Kuna kina mama wengine watakaosoma hapa walioambiwa kuna nukta nyeupe kwenye moyo wa mtoto, au figo imetanuka kidogo, au kondo la nyuma liko chini. Kila moja ina maelezo yake kwa daktari. Zote lakini zinaingia katika mlango mmoja: ni dalili ya kufuatilia, haijawa hukumu.

Sasa wasiwasi. Dada yangu, isome sura ya Al-Qasas taratibu, na uisome kama mama. Mama yake Musa, alipoamriwa amtie mwanawe mtoni kwa kumhofia Firauni, alipewa ahadi na Allah mwenyewe: usiogope wala usihuzunike, Sisi tutamrudisha kwako na tutamfanya miongoni mwa Mitume (28:7). Hakuna mama mjamzito leo mwenye ahadi ya namna hiyo mkononi. Hakuna daktari anayeweza kuitoa. Na pamoja na hayo, aya ya 10 inasema moyo wake ukawa mtupu, na alikuwa karibu kuidhihirisha siri lau Allah asingeuimarisha moyo huo "ili awe miongoni mwa waaminio". Moyo mtupu na imani, vyote vimo ndani ya aya moja na ndani ya mwanamke mmoja. Allah hakumwambia kwamba kwa kuogopa kwake ametoka katika waumini. Alimshika moyo asije akaanguka. Wewe ukihisi kifua kimebana saa nane za usiku, usianze kujihukumu kuwa huna imani. Omba ushikwe moyo kama yeye alivyoshikwa.

Usiishie hapo, endelea na aya ya 11, kwa sababu ndiyo inayomjibu mume wako. Mama huyu mwenye ahadi ya Mola wake alifanya nini? Alimwambia binti yake: "Mfuatie." Na yule binti akawa anamtazama ndugu yake kwa mbali, bila wenyewe kujua. Alifuatilia! Hakukaa ndani akisema maadamu nimeahidiwa basi sina haja ya kujua mtoto kafika wapi. Na ni kwa kufuatilia huko yule dada alikuwepo pale watu wa Firauni walipotafuta wa kumnyonyesha mtoto, akawaelekeza kwa watu wa nyumba yake, Musa akarudi kifuani kwa mama yake. Ahadi ya Allah ilitimia kupitia miguu ya binti aliyetumwa.

Kwa hiyo kurudi kupimwa baada ya wiki nane hakumtilii Allah shaka yoyote. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, akasema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah," kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Na Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipogeuza safari yake ya Sham kwa sababu ya tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Wako wanaoogopa pia kwamba kuchungulia tumboni ni kuingilia elimu ya ghaibu iliyotajwa mwishoni mwa sura ya Luqman, kwamba Allah ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Siyo hivyo. Mashine huona kilichokwishaumbwa na kikaakisi sauti. Allah anajua riziki yake, umri wake, mwisho wake na yote yatakayompata, bila mashine.

Kuhusu kuongeza vipimo, hapo kuna nafasi ya kuchagua. Upo uchunguzi wa damu ya mama, unaoweza kufanywa kuanzia wiki ya 10, ambao unakadiria uwezekano wa kasoro ya kromosomu bila kumgusa mtoto. Huo unachuja tu, hauthibitishi. Kinachothibitisha ni kuchukua maji ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, na hicho kina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Muulize daktari: je, kwa hali yangu mimi, majibu yatabadilisha chochote katika matibabu au mahali pa kujifungulia? Ukishapata jibu, swali istikhara (swala na dua ya kumwomba Allah akuchagulie lenye kheri) juu ya kuchagua, wewe na mumeo. Istikhara imewekwa kwa ajili ya uamuzi. Watu wanaoswali istikhara ili waote ndoto itakayowaambia mtoto ni mzima au la, wanaitumia mahali isipowekwa.

Na dua? Omba, tena omba waziwazi: "Ewe Mola wangu, mpe mwanangu afya." Usijiambie kuwa wakati umepita. Allah amesema: "Allah hufuta ayatakayo na huthibitisha" (Ar-Ra'd 13:39), na imepokewa kutoka kwa Salman kuwa hakuna kinachorudisha kadari isipokuwa dua (Tirmidhi). Mtoto wako bado yuko katika kuumbwa, wiki kwa wiki, mikononi mwa Yule ambaye "ndiye anayekuundeni matumboni kama apendavyo" (Aal Imran 3:6). Omba ukiwa katika sijida, hapo ndipo mja anapokuwa karibu zaidi na Mola wake. Na asubuhi na jioni sema ile dua ambayo Mtume (s.a.w.) alimuusia binti yake Fatima: "Ya Hayyu ya Qayyum, birahmatika astaghith, aslih li sha'ni kullah, wala takilni ila nafsi tarfata ayn." Yaani unamwomba kwa rehema Yake akutengenezee mambo yako yote, na asikuachie nafsi yako hata kwa kupepesa jicho. Hirizi za kufunga tumboni ziache kabisa.

Hiyo simu ya usiku wa manane nayo iache, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mtume (s.a.w.) amesema: "Jitahidi katika lile linalokunufaisha, muombe Allah msaada, wala usishindwe" (Muslim). Kusoma visa vya watu ishirini ambao mimba zao huzijui, vipimo vyao huvijui, na ambao wengi wao waliandika kwa sababu mambo yaliwaendea vibaya, hakukunufaishi. Waliorudi wakakuta kifuko hakipo wameendelea na maisha yao, hawakuandika kitu. Maswali yakikujia, yaandike kwenye karatasi umpelekee daktari. Na ukiona usingizi haurudi, chakula hakipiti, au moyo unaenda mbio kila siku, mwambie mkunga au daktari wako. Hilo nalo lina tiba, na kujitibu kumeshaelezwa hapo juu.

Kuna mama atauliza: je, ikija kuthibitika kuwa ni jambo zito? Hukumu zake zinategemea hali na muda, na lazima apeleke ripoti ya madaktari kwa mwanachuoni anayemjua. Kwa ufupi tu: Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka mwaka 1990 liliamua kwamba mimba iliyotimiza siku 120 haitolewi kwa sababu ya kasoro ya mtoto, isipokuwa kubaki kwake kuwe ni hatari ya hakika kwa maisha ya mama; na kabla ya siku hizo waliruhusu pale tu kasoro ni kubwa, haina tiba, na imethibitishwa na jopo la madaktari bingwa waaminifu. Angalia hesabu vizuri. Madaktari huhesabu wiki tangu hedhi ya mwisho, na siku 120 huhesabiwa tangu mimba kutunga, kwa hiyo hutimia karibu na wiki ya 19 kwa hesabu ya hospitali. Wewe umeshapita hapo, na wala jambo lako halijafika huko. Nimelitaja kwa ajili ya wengine, na ili mtu asikuletee mazungumzo hayo nyumbani.

Mume wako naye nina neno naye, umsomee. Ndugu yangu, kumwambia mkeo amtegemee Allah ni haki. Lakini usiifanye ndiyo njia ya kufunga mazungumzo. Mtume (s.a.w.) alipokuwa na mwanawe Ibrahim anayekata roho alilia mbele za watu, na Abdur-Rahman bin Awf aliposhangaa, alimwambia kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema jicho linatoka machozi, moyo unahuzunika, na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kama yeye alihuzunika hadharani, wewe unaweza kukaa na mkeo robo saa ukamsikiliza bila kumkatiza. Yawezekana hata wewe unaogopa, na kunyamaza ndiyo namna yako. Mwambie hivyo, itamsaidia kuliko unavyodhani. Mama yako zungumza naye wewe mwenyewe, kwa adabu, usimwachie mkeo kazi hiyo. Na siku ya kurudi hospitali nenda naye, ingia naye chumbani, ushike ile karatasi ya maswali, kwa sababu mtu mwenye hofu husikia nusu ya anayoambiwa.

Wallahu a'lam.